Ulimi wa Kiwanda

Chai ilikuwa bado inatokota alipoimimina mdomoni. Akaizuia humo humo, machozi yakimtoka, kisha akaitema kwenye sinki.

"Mama, una nini leo?" binti yake aliuliza, chanuo mkononi.

"Vaa viatu. Unachelewa shule."

Akamimina tena. Alitaka ulimi wake ufe, angalau kwa asubuhi hiyo moja.

Kiwandani walimwita Ulimi, na hawakumwita kwa masengenyo. Kazi yake ilikuwa kuonja sigara. Alikuwa akivuta kidogo, anafumba macho, halafu anasema: jani hili limevunwa bichi, hili limekaushwa kwa pupa, humu mmetia vikonyo vingi, ndiyo maana moshi unakwaruza kama msasa. Mashine ikishindilia tumbaku kupita kiasi, alijua kwa jinsi mashavu yake yalivyobonyea akivuta. Mafundi walikaza na kulegeza mitambo kwa neno lake. Ni yeye aliyewaambia waongeze matundu kwenye kichungi na wanyunyizie majani maji ya sukari, moshi ulainike, anayevuta mara ya kwanza asikohoe, kesho arudi dukani. Hiyo ndiyo iliyoitwa sigara nzuri.

Yeye mwenyewe alikohoa. Binti yake aliwahi kumwambia, "Mama, siku hizi ukicheka unakohoa mpaka tunasahau kilichokuchekesha."

"Laini au kali, kifuani zinafika zote," daktari naye alimwambia, picha ya mapafu yake ikining'inia mbele ya taa. "Toka kwenye hiyo kazi, mama. Watoto bado wanakuhitaji."

Kusema ni rahisi. Nyumba waliyolala ilikuwa ya kiwanda. Ukiacha kazi, unafungasha virago. Palibaki mlango mmoja tu. Mwonjaji ambaye ulimi wake umekufa huhamishiwa ghala la kuchambua majani, na nyumba yake haiguswi. Kila mwaka waonjaji walipimwa, na kila mwaka Ulimi aliingia ameapa kushindwa. Lakini akishavuta tu, kiburi kinampanda. Hakuweza kusikia upuuzi ukisemwa juu ya tumbaku akanyamaza. Mwaka huu hakutaka kujiamini. Ndiyo maana ya ile chai.

Chumba cha kuonjea kilinuka kama kawaida, moshi wa jana juu ya moshi wa juzi. Mkuu mpya wa ubora, kijana asiyevuta wala kutabasamu, alimwekea kila mtu sigara tatu nyeupe zisizo na chapa.

"Mnajua hali ya kiwanda," alisema. "Chumba hiki kina watu wengi mno. Vuteni, halafu mniambie tofauti."

Kasuku, mwenzake wa tangu siku ya kwanza ya ajira, alimwinamia. "Dada, mbona midomo yako imeiva hivyo? Umekula pilipili?"

"Nimekula maneno yako ya jana."

Kasuku alicheka, akawasha. Hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. "Ya kwanza hii, bosi, ni jani la juu. Kali, lakini kali ya heshima. Ya pili mmeichanganya na vikonyo, inaniwasha hapa kooni. Ya tatu..." Akapuliza moshi taratibu, jicho moja limefumbwa. "Ya tatu mmeipaka sukari. Hii hata bibi harusi atavuta."

Wenzake wakaafiki kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba majani ya ile ya pili yalilala kwenye ghala lenye unyevu. Mwingine akasema hapana, ni karatasi yake iliyo nzito, inaunguza tumbaku haraka. Wakabishana kidogo, kwa adabu, kama wajuzi wanavyobishana. Mkuu wa ubora aliandika yote bila kuinua kichwa.

Zamu ya Ulimi ikafika. Akavuta ya kwanza. Joto tupu. Akavuta ya pili, akavuta ya tatu. Ilikuwa kama kuvuta mvuke wa birika. Kiburi kikainuka, kikatafuta pa kushika, kikakosa.

"Zote sawa," alisema.

"Rudia, mama."

"Zote sawa. Sioni tofauti yoyote."

Kasuku akatazama sakafu kwa aibu, aibu aliyomwonea mwenzake, kisha akamshika bega. "Pole, dada. Ulimi nao ni nyama. Unachoka."

"Asante, kaka," akasema, akajitahidi kutoa sauti ya mtu aliyefiwa. Moyoni alikuwa tayari ghalani, dirisha liko wazi, amekaa kwenye gunia anachambua majani na kusengenya na wale akina mama wa huko. Jioni angemwambia binti yake kichekesho, nao wangekicheka mpaka mwisho. Akakunja kitambaa chake, akachukua mkoba, akasimama.

Mkuu wa ubora akafunga kalamu.

"Nyie wengine, kesho mripoti ghalani. Nyumba zenu zinabaki," alisema. Kisha akazikusanya sigara zilizobaki kwenye meza za Kasuku na wenzake, akaja kuzipanga zote mbele ya yule mama. "Keti, mama. Sigara zote zilikuwa za pakiti moja. Kuanzia leo, za wenzako pia utavuta wewe."