Nguchiro Aomba Kuaminiwa

Zamani ya juzijuzi, Nguchiro aliweka mali yake yote katika sarafu ya mtandaoni. Akamtambia Kanga, muuza mihogo: "Uzuri wake, huna haja ya kumwamini mnyama yeyote."

Siku moja intaneti ikakatika nchi nzima. Nguchiro akaja kwa Kanga, tumbo likimnguruma.

"Dada, sarafu zangu ziko salama. Kompyuta za nchi za mbali zinazitunza hata sasa."

"Nafurahi, kaka. Na mihogo yangu iko salama hapa."

"Basi nikopeshe. Niamini tu."

Nguchiro alijisikia mwenyewe akisema neno hilo la kuamini, akaangua kicheko cha aibu.

Kanga akamwonyesha kiota. "Nyoka ananisumbua. Nilindie mayai yangu, nami nitakulisha."

"Mayai? Dada, mimi ni mla mayai! Hata mimi mwenyewe nisingejiamini."

"Sina mwingine," Kanga akajibu.

Nyoka akaja, Nguchiro akamtimua. Kisha akaketi kando ya kiota, mate yakimdondoka, asiguse hata yai moja.

Intaneti iliporudi, sarafu zote zilikuwepo. Nguchiro hakuwa na nafasi ya kuzitazama. Alikuwa akimwita kila mpita njia aje aone mayai yalivyo mazima.