Salamu Mlangoni pa Machungwa

Joto la Muheza lilikuwa la kuua, na sheria ilisema chumba cha baridi cha kila nyumba ni cha machungwa tu, maana pumzi ya mtu huyaozesha. Akikutwa mtu humo, nyumba nzima hufukuzwa ikaungue juani. Mwanahija alikuwa amemlaza mama yake mgonjwa nyuma ya matenga chumbani humo.

Mkaguzi, kijana mwenye adabu zake, akasimama mlangoni pa chumba, uliofungwa, mbele ya Mwanahija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ikaitika sauti kutoka ndani.

Mwanahija akajikohoza. "Ni mimi, baba. Koo limenikauka."

"Pole. Basi shikamoo tena."

"Marahaba!" akawahi Mwanahija, na nyuma ya mlango mama yake naye akaitika kwa upole uleule.

Mkaguzi akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akashika komeo.