Viganja vya Daktari Mbonea

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu madaktari wakatazwe kumgusa mgonjwa. Bangili ya mkononi ndiyo iliyopima na kutaja ugonjwa. Kazi ya Daktari Mbonea ilibaki kuwasomea watu majibu kwa sauti ya upole. Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kumwita mgonjwa wa kwanza, alisugua viganja vyake vipate joto, kama alivyofunzwa ujanani ili mgonjwa asishtuke.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, mkewe Nakijwa alivua bangili yake akaiweka mezani, akajilaza kwenye kochi.

"Baba Elia, tumbo linanisumbua, leo siku ya tatu. Hebu nipime wewe."

"Bangili inasemaje?"

"Sijaiuliza. Mimi nimeolewa na daktari, sikuolewa na bangili."

Mbonea akacheka, akasugua viganja, akambonyeza polepole. Zamani vidole hivi vilimnong'onezea: hapa ini limevimba, hapa pana kitu kigumu. Sasa alisikia ngozi tu, ngozi ya mke aliyempenda. Akafumba macho, akabonyeza tena. Vidole vilikaa kimya.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu, mama Elia."

"Nilijua tu! Mkono wako umeshaniponya." Nakijwa akainuka, akaenda jikoni kuosha vyombo huku akiimba.

Mbonea alibaki amevikodolea macho viganja vyake. Kisha akaichukua bangili pale mezani, akamfuata jikoni, akaanza kumbembeleza aivae.