Pampu Mbili Mezani

"Injini ikizima, na hii inazima?" mjane aliuliza, akiigusa pampu ya kwanza ya petroli kwa ncha ya kidole.

"Palepale, dada. Inaendeshwa na injini yenyewe." Fundi aliisogeza ya pili. "Hii ya umeme ina nguvu, boti inawaka upesi. Lakini injini ikizima, yenyewe inaendelea kusukuma petroli. Mpira ukipasuka..."

Akaumeza ulimi. Mume wa huyu mama, mvushaji wa abiria, aliungua hivyohivyo. Injini ilizima, petroli ikatuama chini ya sakafu, naye akawasha tena. Boti ilipona kwa mbao chache na rangi. Yeye hakupona.

"Nifungie ya umeme," mjane alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa amemshika nyoka mwenyewe wala hapepesi macho. Tangu msiba alikuwa hivyo. Hakulia kaburini. Hakulia hata ndugu wa mume walipobadilisha kufuli za nyumba, akaenda kubanana na watoto chumbani kwa dada yake. Watu walisema amekuwa gogo.

"Haya. Lakini nitaweka swichi ya kuikata pampu, injini ikizima."

"Usiweke swichi."

Sasa fundi aliogopa kweli. "Dada, nisikilize. Uchungu ulio nao naujua, marehemu alikuwa rafiki yangu. Lakini una watoto. Ukimfuata baba yao, nani atawalea?"

"Watoto hawatapanda."

"Na wewe je?"

"Vile viti navyo vioshe," alisema kwa sauti ileile, kana kwamba anaagiza chumvi. "Na palipobabuka paka rangi tena. Nataka ipendeze."

Machozi yalimlengalenga fundi. Alizunguka meza, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya baridi, nayo haikumshika.

"Nakusihi, dada. Nitakufanyia kazi yoyote, hata bure. Usipande tu boti hii."

Mjane alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

"Nipande ya nini, fundi? Boti ukoo umempa shemeji yangu. Anakuja kuichukua kesho."