Nyumba Isiyo na Ngazi

Kitabu chekundu hakikuwemo.

Philister alimwaga mkebe wote kitandani. Cheti cha ubatizo, kipo. Picha ya marehemu mumewe, ipo. Lakini kile kitabu kidogo chekundu alichokuja nacho kutoka Kericho, chenye picha yake akiwa bado na nywele nyeusi, hakipo. Na pasipoti nayo haipo. Mtu alikuwa ameingia chumbani akachukua, na katika nyumba hii ya Coon Rapids, Minnesota, watu ni watatu tu: yeye, binti yake Dinah, na Alfred, mume wa Dinah.

Aliketi.

Wiki iliyopita Dinah alimpeleka kwa daktari wa macho, na macho hata hayakuwa yanamuuma. Kutoka hapo wakapitia duka la dawa, akasimamishwa kwenye ukuta mweupe, akapigwa picha.

"Usicheke, Mama," Dinah alimwambia. "Hawataki meno."

"Picha ya nini?"

"Ya fomu tu." Kisha akageuza maneno, akaanza kusifu bei ya vitunguu.

Na Dinah alifanya kazi wapi? Katika nyumba ya wazee, kule New Hope. Philister alifika huko mara moja tu. Kila mlango ulikuwa na picha ya mzee wake, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Wenyewe walikuwa wamepangwa kwenye viti, wakitazama theluji. Bibi mmoja alimshika mkono, akakataa kuuachilia mpaka Dinah alipokuja kumbandua kidole kimoja kimoja.

Mezani, akiwapo, watoto wake walizungumzia safari ya Ireland tu. Mwezi wa tano wangetimiza miaka kumi na tano ya ndoa, na Dinah alitaka wazunguke mashambani huko kwa gari, polepole, bila haraka ya mtu.

"Hatutalala kila siku mahali papya," Dinah alisema, akizungushia vijiji kalamu kwenye ramani. "Tunachagua nyumba tatu. Tunashusha mizigo, tunatembea-tembea, jioni tunarudi hapo hapo kunywa chai."

Alfred hakuwa na uso wa mtu aendaye kufurahi. "Kamau wa kanisani alikwenda. Anasema barabara zao ni nyembamba kama mkanda, kuta za mawe huku na huku. Alikwaruza gari siku ya kwanza."

"Kamau hata hapa hukwaruza," Dinah akacheka.

"Kamau ni dereva wa basi, Dinah."

Hakuna aliyemtaja Philister. Naye hakuuliza. Lakini Jumapili, kanisani Brooklyn Center, Donatille, yule mama wa Kikongo, alimwinamia sikioni: "Wakienda, wewe watakuacha wapi?" Njia nzima ya kurudi Philister alikaa karibu na Alfred aliyekuwa akiendesha, mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu ya gari kila walipokaribia taa.

Sasa alivua viatu, akapita ukumbini kwa nyayo. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Dinah na Alfred wamempa kisogo, wanaangalia picha kwenye kompyuta: nyumba nyeupe, ya chini, katikati ya majani mabichi, na hakuna mtu.

"Hii haina ngazi," Dinah alinong'ona. "Goti lake halitasumbuka."

"Na miaka? Sitini na minane. Watamkubali kweli?"

"Nimewapigia simu. Wanachukua mpaka sabini na mitano. Karatasi zake nimewatumia, macho yamepita."

Philister alishika ukuta.

"Basi mwambie," akasema Alfred.

"Mwambie wewe. Wazo ni lako."

"Mimi? Mimi ni mkwe! Nitasimama vipi mbele ya mama mkwe nimwambie jambo kama hilo? Baba yangu akisikia kule nyumbani, atanilaani."

"Na akikataa?"

"Akikataa, sijui tutafanya nini, Dinah. Sijui kabisa."

Philister alirudi chumbani. Alifungasha gauni mbili, Biblia, na ile picha ya mumewe ndani ya leso, akakaza fundo kwa meno. Akamwomba Mungu ampe sauti. Kisha akaingia jikoni na fundo lake.

Wote wawili waliruka kama wezi.

"Nimesikia," alisema. "Nirudisheni Kericho kwa ndugu yangu Zachariah. Nitalala hata ghalani pamoja na mahindi. Lakini kwenye nyumba yenye picha mlangoni siingii. Mnisamehe. Siingii."

Dinah alijiziba mdomo. Macho yakamjaa machozi.

Alfred ndiye aliyesimama. Hakumtazama usoni, maana mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitabu chekundu, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Najua mkwe hamtumi mama mkwe. Lakini mimi na Dinah gari tulijifunzia hapa Minnesota, na huko Ireland wanashika kushoto, kama kwetu. Wewe uliendesha lori la majani chai miaka ishirini na miwili, na leseni yako hii wenye magari ya kukodi wameikubali. Mimi naogopa, Mama. Utuendeshe."