Hodi Kabla ya Teke

Zamani, kabla wanyama hawajajua kwamba kazi huachwa, Bata Mzinga alikuwa na kiwanda cha magodoro. Mshonaji wake hodari alikuwa Punda, lakini Punda alikuwa na hasira za karibu. Akiudhiwa kidogo tu, mwenzake hula teke. Mbuzi alivunjika pembe. Kobe alipinduliwa, akabaki miguu juu mpaka saa ya chakula.

Kila walipokwenda kushtaki, bosi aliuliza, "Kwani ulimkosea nini?"

Kanga, ambaye aliona zamu yake inakaribia, akasema, "Basi bosi, tunaomba jambo moja. Punda apige hodi kabla ya teke. Asipokaribishwa, asipige."

Bosi alikubali, maana hodi haina gharama. Punda naye alikubali, kwa kuwa pamoja na ukali wake, kwao alifunzwa adabu.

Tangu hapo akikasirika alisimama nyuma ya mwenzake, akapiga hodi mara tatu. Kiwanda kizima kimya. Basi akarudi kushona, hasira zimemwishia njiani.

Siku moja Bata Mzinga alimnyima Punda likizo, kisha akamgeuzia mgongo, akainama kuyapanga manyoya ya kifua chake.

"Hodi!"

"Karibu, karibu sana!" bosi akaitikia, akidhani ni mteja.

Teke lilimrusha hadi kwenye pangaboi, akanasa, akawa anazunguka nalo.

"Jamani, nimepigwa!" alilia kutoka juu.

Kanga akainua shingo. "Pole, bosi," akasema. "Kwani ulimkosea nini?"