Zawadi Aliyoichagua Bi Kasa

Korongo na wenzake walipenda kufuga samaki na matumbawe katika matangi ya kioo. Walitembeleana nyumba kwa nyumba, na desturi yao ilikuwa kwamba kila mgeni huondoka na zawadi aliyoichagua mwenyewe tangini.

Zamu ya Korongo ya kupokea wageni ilipofika, alikuja pia Bi Kasa, mjane aliyepotelewa na mwanawe wa pekee. Kumbe mwana yumo tangini, anagonga kioo kwa pua.

"Huyu kanenepa, bahari ameshaisahau," Korongo alijisifu.

"Mbona umemfunika?" Bi Kasa aliuliza taratibu.

"Asitoroke, mama."

"Basi hajaisahau. Zawadi yangu ni huyu."

Korongo akacheka. "Huyo hatolewi. Chagua tumbawe."

Nguchiro, mmoja wa wageni, akang'aka. "Kwangu ulichukua samaki niliyempenda kuliko wote, nikanyamaza. Mpe mama wa watu, au wangu nirudishie sasa hivi."

Wageni wote wakamkazia macho. Korongo akafunua tangi huku akinung'unika. "Sasa wageni nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe kioo," alisema Bi Kasa, mwanawe yuko mgongoni. "Hicho ni kazi yako. Huyu ni kazi ya Mungu."